Ziara za sayansi kwa watoto Mtwara na Lindi: jinsi ya kuzitafuta, kuziombea ruhusa na kuzifanya zizae matunda

Kila likizo ya Juni na Desemba swali ni lile lile: "Mwanangu anapenda sayansi, nimpeleke wapi huku kusini?" Anayeuliza ameshatafuta makumbusho ya sayansi kwenye simu, hajaona kitu. Ameshapita ofisi moja au mbili, akaambiwa alete barua. Mwisho amempeleka mtoto ufukweni saa 9 alasiri, maji yamejaa mpaka kwenye minazi, wamekula mihogo ya kukaanga wakarudi nyumbani.

Mahali papo, tena pengi. Kinachoharibu ni mpangilio. Wengi huchagua mahali kwanza, tarehe baadaye, na swali la mtoto halifikiriwi kabisa. Geuza: swali, kisha mtu anayefanya kazi hiyo, kisha tarehe, na ruhusa iwe ya mwisho. Fuata hatua hizi kwa mfuatano wake, usiruke.

## Vitu vya kuandaa kabla ya yote

- Daftari moja kwa kila mtoto na penseli. Acha kalamu ya wino, maandishi yake yakilowa hayasomeki tena.
- Kioo cha kukuzia, hata kile kidogo cha kwenye maduka ya vifaa vya shule. Kimoja kwa watoto watatu kinatosha.
- Beseni jeupe au ndoo ndogo nyeupe. Vijidudu vya majini havionekani kwenye ndoo nyeusi.
- Kamba ya mita 4, yenye fundo kila mita moja.
- Rula, na futi ya fundi cherehani.
- Raba za zamani zinazofunika vidole. Kandambili hubaki kwenye tope, na miguu peku hukatwa na chaza.
- Chupa ya chai yenye maji ya moto, siki kidogo, kitambaa safi na plasta. Sababu iko Hatua ya 6.
- Maji ya kunywa, kofia, na chakula kisichoharibika kwa jua.
- Kalenda inayoonyesha mwezi mwandamo.

Kuhusu idadi: mtu mzima mmoja kwa watoto wanne, na kundi zima lisizidi watoto 12. Likizidi hapo inakuwa matembezi. Wa nyuma hawasikii, wa mbele wanasukumana.

## Hatua ya 1: Mtoto aandike swali

Kaa naye jioni, umwambie aandike maswali matatu ya vitu anavyoviona kila siku. Maji ya bahari yanakwenda wapi yakitoka? Kwa nini korosho inaning'inia nje ya bibo badala ya kukaa ndani yake? Chumvi inatoka wapi?

Chagua lile linaloweza kujibiwa kwa kupima, kuhesabu, kuonja au kulinganisha. "Samaki wameumbwaje?" ni swali zuri lakini halina pa kushika. "Kaa wako wengi karibu na maji au karibu na nchi kavu?" lina pa kushika.

Umefaulu kama mtoto anaweza kusema kwa maneno yake atafanya nini akifika. Akijibu "nitaangalia tu", rudini mezani.

## Hatua ya 2: Orodhesha kazi, usiorodheshe vivutio

Usitafute bango lenye neno sayansi. Tafuta watu ambao kazi yao ni kupima, kuchanganya, kuotesha au kutengeneza. Hawa ndio ninaowapendekeza, na mapungufu yao nayasema.

Mikoko. Kwa Mtwara, ghuba ya Mikindani haina mpinzani: iko karibu na barabara kuu ya Lindi na nauli yake ni ndogo. Kwa Lindi, kuna mikoko kwenye mlango wa mto Lukuledi. Ningekuwa na nafasi ya ziara moja tu kwa mwaka, ningekwenda hapa.

Mashamba ya chumvi. Yapo Mtwara, Lindi na Kilwa. Nenda kiangazi, kabla mvua za Novemba au Desemba hazijaharibu mabwawa. Maji ya bahari huhamishwa bwawa hadi bwawa, kila moja likiwa na chumvi kali kuliko lililotangulia. Watoto waje na kiazi mviringo kibichi. Wakitie kwenye maji ya bahari, kitazama. Wakitie kwenye bwawa la mwisho, kitaelea. Kisha wamuulize mfanyakazi kwa nini yale maji yanayobaki baada ya chumvi kuganda humwagwa. Ni machungu, yamejaa madini ya magnesi (magnesium), na chumvi iliyolala humo inaharibika ladha.

Kituo cha utafiti wa kilimo, TARI Naliendele. Kiko nje kidogo ya mji wa Mtwara, na ndicho kinachojulikana nchi nzima kwa utafiti wa korosho. Wanashughulikia pia ufuta na karanga. Kwa mtoto, la kuona ni kubebesha miche: kikonyo cha mkorosho bora kinafungwa juu ya shina la mche mwingine, na vyote viwili vinakuwa mti mmoja. Uliza wanabebesha miezi gani, maana ukienda nje ya msimu utapewa hotuba ofisini.

Nane Nane, viwanja vya Ngongo, Lindi. Mwanzoni mwa Agosti taasisi za kanda ya kusini huleta mbegu, mashine, mifugo na wataalamu mahali pamoja. Nenda siku za mwanzo, asubuhi. Tarehe 8 yenyewe ni ya hotuba na vumbi, na mtaalamu hana muda wa kumjibu mtoto wa darasa la nne.

Kituo cha hali ya hewa, uwanja wa ndege wa Mtwara. Ziara fupi, lakini watoto hutoka wakijua kipimo cha mvua. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji kwenye kila mita moja ya mraba. Tarehe 23 Machi ni Siku ya Hali ya Hewa Duniani, na ombi lenye tarehe hiyo lina uzito wake.

Karakana za VETA (vyuo vya ufundi stadi), na mafundi wa mtaani. Fundi redio anayekubali watoto watatu wakae kwenye benchi lake kwa saa moja anawafundisha umeme kuliko bango lolote ukutani. Mafundi wa mitumbwi vilevile.

Hifadhi ya bahari ya ghuba ya Mnazi na maingilio ya Ruvuma, upande wa Msimbati. Nzuri mno, ila kuna kiingilio na safari ni ndefu kwa watoto wadogo. Iwe ziara ya pili au ya tatu.

Mawili naomba msianze nayo. La kwanza ni Tendaguru, kule Lindi vijijini, ambako wachimbaji wa Kijerumani walifukua mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913. Najua kila mtoto analitaka jina hilo. Lakini mifupa iliyounganishwa na kusimamishwa, yenye urefu wa mita 13.27 kwenda juu, iko Berlin. Huku kuna pori, njia ngumu, na mabaki ambayo hairuhusiwi kuyaokota. Mtoto wa miaka minane atarudi amenuna, na sitamlaumu. Kidato cha tatu wenye mwalimu wa jiografia, hao sawa.

La pili ni kiwanda cha kuchakata gesi cha Madimba. Ni eneo la ulinzi. Ombi la mzazi mmoja mmoja halina nafasi huko, iachie shule ya sekondari iombe kwa barua yake.

## Hatua ya 3: Panga tarehe kwa mwezi mwandamo

Hapa ndipo ziara nyingi za pwani zinapokufa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Jumamosi si sababu ya kwenda baharini. Sababu ni bamvua. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta bahari kwa mstari mmoja. Maji hujaa sana na kutoka sana, tofauti ikipita mita 3 kwenye pwani yetu. Mwezi ukiwa nusu, mvuto wao hukinzana, yakawa maji mafu: hayajai sana wala hayatoki sana. Siku za maji mafu hakuna cha kuona kwenye mwamba wala kwenye tope.

Fungua kalenda. Tafuta siku ya 1 mpaka ya 4 ya mwezi mwandamo, au siku ya 15 mpaka ya 18; ndizo tunazoziita mwezi 1, mwezi 16 na kadhalika. Bamvua kali huja siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu, haliji siku ile ile.

Kuna jambo linalotufaa sana: katika siku hizo maji hufika mwisho wa kutoka asubuhi, takriban kati ya saa 4 na saa 6. Kila siku inayofuata yanachelewa kwa dakika 50 hivi. Mwezi 16 yakitoka saa 4:15, mwezi 18 yatatoka karibu saa 5:55. Kufika maji mafu, saa zimesogea mpaka alasiri.

Sasa pigia hesabu. Fika saa moja na nusu kabla maji hayajafika mwisho, ili mwafuate yanavyotoka. Anzeni kurudi nchi kavu mara yanapogeuka. Usingoje kuyaona yakija, kwa sababu mikondo midogo iliyo nyuma yenu hujaa kabla ya mbele.

Kisha hakikisha kwa vyanzo viwili. Mamlaka ya Bandari hutoa jedwali la maji kujaa na kupwa. Chanzo cha pili, ambacho mimi huanza nacho, ni kina mama wanaokwenda mwambani kuvua pweza na kuokota kombe. Nenda jioni, "Shikamoo mama, kesho kutwa maji yanatoka saa ngapi?" Utapewa saa, utaambiwa na upepo.

Ziara zisizo za bahari zina kalenda yake. Korosho huchanua kuanzia Juni na kuvunwa zaidi Oktoba mpaka Desemba. Mvua huku ni msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili.

Umefaulu kama unaweza kusema tarehe, saa ya kufika na saa ya kuondoka, na ukatoa sababu ya kila moja.

## Hatua ya 4: Peleka ombi linalojibika

Kwa fundi, mvuvi au mwenye bwawa la chumvi, barua haihitajiki. Nenda mwenyewe, amkia, eleza, na mkubaliane kabla kuhusu asante yake. Anakupa saa ya kazi, usimwachie soda moja. Kwa ufukwe au mikoko ya kijiji, pitia kwa mtendaji au viongozi wa BMU (kikundi cha wanakijiji kinachosimamia ufukwe na uvuvi), ili wakiona watoto tisa wenye ndoo wasidhani mmekuja kuvuna.

Kwa taasisi, barua ni lazima, na iwe fupi. Mfano:

> Mkuu wa Kituo,
> (jina la kituo)
>
> YAH: OMBI LA WATOTO 9 KUJIFUNZA KUBEBESHA MICHE YA KOROSHO
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi ni wazazi wanne wa mtaa wa (…). Tunaomba watoto wetu 9, wenye umri wa miaka 8 hadi 12, watembelee kitalu chenu kwa muda wa saa moja na nusu, kati ya tarehe (…) na (…), siku mtakayoona inafaa.
>
> Tunaomba mtaalamu mmoja awaonyeshe kubebesha mche, na kila mtoto ajaribu mara moja kwenye mche usio wa utafiti. Watoto watasimamiwa na watu wazima watatu. Usafiri, chakula na maji ni juu yetu.
>
> Maswali waliyoandaa watoto yameambatishwa.
>
> (Jina, sahihi, namba ya simu)

Angalia mambo matatu humo. Ombi linataja tendo moja, kwa sababu "kujifunza mambo mbalimbali" humfanya mkuu wa kituo asijue amkabidhi nani. Linatoa siku kadhaa za kuchagua. Na maswali ya watoto yameambatishwa, karatasi ya mkono wa mtoto yenye makosa yake ya herufi. Hiyo karatasi hufungua milango kuliko mhuri.

Peleka kwa mkono wiki tatu kabla, uombe nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa, na uulize jina la atakayeishughulikia. Nimeona barua ikilala masijala mwezi mzima kwa kosa dogo tu: haikuwa na namba ya simu. Baada ya wiki moja pita tena, kwa upole.

Umefaulu unapokuwa na jina la mwenyeji, siku na saa. "Njooni tu" si jibu.

## Hatua ya 5: Nenda peke yako kwanza

Siku chache kabla, saa ile ile ya ziara. Tazama choo kiko wapi, kivuli kiko wapi, simu inashika mtandao au la, bajaji inaishia wapi. Kwa mikoko, chagua sehemu ambayo tope halipiti kifundo cha mguu. Nusu saa inatosha.

## Hatua ya 6: Siku yenyewe

Nitachukua mfano wa mikoko, swali likiwa lile la kaa.

Kabla ya kukanyaga tope, kila mtoto aandike kisio lake: kaa wengi wako wapi? Asiyekisia kabla hatashangaa baadaye, na bila mshangao watoto huanza kurushiana tope mapema.

Unganisha ncha za kamba ya mita 4, ivuteni kwenye mafundo iwe mraba wenye upande wa mita moja. Ilazeni sehemu tatu: karibu na mkondo wa maji, katikati ya mikoko, na karibu na nchi kavu. Katika kila mraba wahesabu matundu ya kaa na mizizi inayochungulia juu ya tope. Kisha wachutame, wakae kimya dakika tano. Kaa waliojificha kwa kishindo cha miguu hutoka tena, na madume ya wale wadogo hupunga gando lao moja kubwa. Bila ukimya huo watahesabu matundu tu na hawatamwona mwenye nyumba.

Mkiwa hapo, waonyeshe miti miwili. Mchu una mizizi iliyosimama juu ya tope kama penseli zilizochomekwa: inavuta hewa, maana tope halina hewa ya kutosha. Chagua jani la mchu lililo safi, siku isiyo na mvua, mtoto aliguse kwa ulimi. Lina chumvi. Mti unanyonya maji ya bahari na kuitoa chumvi kupitia majani, na kwa kioo cha kukuzia chembe zake huonekana zikimeta. Mkoko wenyewe, ule wenye mizizi iliyopinda kutoka shinani, mbegu yake huota ikiwa bado mtini, ikarefuka na kuning'inia mpaka idondoke. Waokote iliyodondoka pekee. Mikoko ni misitu iliyohifadhiwa kisheria, kukata tawi ni kosa.

Tahadhari. Wakienda mwambani, wasiokote kombe lolote lenye umbo la koni, hata likiwa zuri kiasi gani: mdudu wake ana sindano yenye sumu. Wasiingize mkono kwenye tundu. Waburute miguu kwenye mchanga wenye maji, ili taa (samaki bapa mwenye mwiba wa sumu mkiani) aliyejifukia akimbie badala ya kukanyagwa. Akichomwa na taa au na samaki mwenye miiba ya sumu, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto anayoweza kuyavumilia, mtu mzima ayapime kwanza kwa mkono wake, mkiwa njiani kwenda hospitali. Sumu hizo hudhoofishwa na joto. Siki ni ya viwavi vya baharini (yavuyavu), usiibadilishe na dawa nyingine.

Kwa ziara za korosho, tahadhari ni ganda. Mafuta yake huunguza ngozi na midomo. Mtoto asivunje korosho mbichi kwa meno, wala asisimame kwenye moshi wa korosho zinazochomwa.

Umefaulu kama kila daftari lina namba tatu, mchoro mmoja na swali jipya ambalo halikuwemo mwanzoni. Picha za simu hazihesabiki, hizo ni zako.

## Hatua ya 7: Endeleza nyumbani siku inayofuata

Rudi na lita moja ya maji ya bahari. Yachuje kwa kitambaa, yachemshe polepole hadi yakauke, mtu mzima akisimamia mwishoni maana chumvi huruka. Mtabaki na gramu 35 hivi, karibu vijiko viwili vya chakula. Msiile, ina machungu yake na uchafu. Mtoto aliyeona mabwawa ya chumvi sasa anaweza kukadiria ndoo ngapi zinahitajika kwa gunia moja. Mwachie hesabu hiyo mwenyewe.

Pelekeni nakala ya namba zao kwa mwenyeji, pamoja na shukrani. Kituo kilichopata majibu ya watoto hakiombi barua ndefu mara ya pili.

## Ukiwa huna nauli kabisa

Mtwara iko karibu nyuzi 10 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mara mbili kwa mwaka jua hupita utosini kabisa na kitu kilichosimama wima hupoteza kivuli. Kwa Mtwara mjini ni karibu na tarehe 20 Oktoba, yapata saa 6:04 mchana, na karibu na tarehe 22 Februari, yapata saa 6:33. Lindi hutangulia Oktoba na huchelewa Februari, kwa siku moja hivi. Februari mawingu ya mvua husumbua, kwa hiyo tegemea Oktoba.

Simamisha chupa iliyojaa mchanga kwenye ua tambarare. Hakikisha imesimama sawa kwa uzi wenye jiwe. Kuanzia saa 5:30, watoto waweke alama kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika 10. Rudieni siku tatu mfululizo mlinganishe. Wasilitazame jua lenyewe hata mara moja, kazi yote iko chini kwenye kivuli.

## Yanayokwamisha mara kwa mara

Mvua ikinyesha usiku kuamkia ziara ya mikoko, ahirisha: tope linateleza, mikondo inaleta maji machafu ya mjini, na majani ya mchu yameoshwa chumvi. Bamvua jingine liko siku 14 au 15 mbele, saa ile ile ya asubuhi.

Mwenyeji akitoa hotuba ndefu, mwombe kwa heshima: "Mzee, watoto wangependa waone kwa mikono, dakika zilizobaki tuwaachie wajaribu." Wengi hufurahi. Hawakujua kama inaruhusiwa.

Mtoto mmoja akikataa kuingia topeni, mpe kazi ya kuandika namba wanazopiga kelele wenzake. Kwa kawaida mraba wa pili anaingia mwenyewe.